Impala SS ya 1964: muuzaji anadai nyongeza kwa ajili ya funguo za kiwandani na kava nne za ringi. Ni haki?

#1 Msafiri_Ohio
Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio. Baada ya kutafuta sana nimepata Chevrolet Impala SS (Super Sport) ya 1964, milango miwili, injini V8 ya inchi za ujazo 327. Muuzaji ni mzee wa Kimarekani aliyekaa nayo miaka mingi. Bodi imesimama, sakafu haijaoza, bei tumeelewana.

Nilipoenda kulipa kishika uchumba akatoa bahasha. Ndani mna funguo mbili: moja ina kichwa cha pembe nane, ya pili kichwa cha mviringo. Zote bado zina kile kipande kidogo cha chuma chenye namba pale kwenye kichwa. Kisha akafungua buti, mna kava nne za ringi zimeviringishwa kwenye blanketi, zile za SS zenye panga (pambo la mabawa) katikati. Gari kwa sasa imevaa ringi za kisasa na inatumia funguo za kuchonga dukani.

Anasema bahasha na blanketi havimo kwenye bei. Anataka dola 1,200 juu. Nikamwambia gari inawaka vilevile bila hivyo vitu. Akanijibu, "Kawaulize wenye magari." Ndiyo nimekuja.

#2 KitasaKigumu
Lipa leo, mkuu. Kesho atampa mwingine.

#3 Gerezani_Spea
Dola 1,200 kwa vipande viwili vya chuma na mabati manne? Hapana. Kava za kopi zinatengenezwa hadi leo, unanunua mpya zinang'aa kuliko hizo za blanketini. Funguo kila mji una mtu wa kuchonga. Hiyo hela weka kwenye breki. Impala ya 1964 ina breki za ngoma miguu yote minne, na wewe unataka kuingia nayo barabara kuu za Ohio.

#4 FundiFunguo_Tanga
Gerezani_Spea, kwenye breki nakuunga mkono, kwenye funguo nakukatalia.

Kuanzia 1935 magari ya General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, yalitumia kitasa cha Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee, Wisconsin. Ndani kuna visahani sita. Kila kisahani kina kipengele pembeni. Ukiingiza ufunguo sahihi, vipengele vyote sita vinakaa mstari mmoja, kijiti cha pembeni kinadumbukia, silinda inazunguka. Kisahani kimoja kikipishana kidogo tu, kijiti hakidumbukii na kitasa hakiendi. Ndiyo maana vilisumbua wezi wa kuchokonoa.

Kila jino la ufunguo lilikuwa na vina vinne tu vya kuchagua. Sasa fikiria ufunguo uliotumika miaka 60: meno yamelika. Mtu akachonga kopi kutoka kwenye huo uliolika, mwingine akachonga kopi ya kopi. Kila hatua unazidi kutoka kwenye kipimo cha kiwanda.

Hicho kipande chenye namba ndicho roho ya bahasha. Muuzaji wa gari mpya alitakiwa akigonge kitoke, mwenye gari aitunze namba yake mahali, ili mwizi akiona ufunguo asisome namba akaenda kuchongesha. Kama vipande bado vipo, huenda hiyo ni jozi ya akiba ambayo haikufanya kazi sana. Meno yake yanaweza kuwa bado ya kiwandani.

Msafiri, hizo funguo unazotumia sasa zinaingia vizuri kila mahali?

#5 Msafiri_Ohio
Mlango wa dereva unafunguka. Wa abiria lazima uvute ufunguo nje kidogo halafu uzungushe. Swichi inanata asubuhi.

#6 FundiFunguo_Tanga
Basi umejijibu. Usichonge kopi ya hiyo unayotumia. Chukua namba iliyo kwenye kipande, mpe fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa namba, siyo ile ya kufuatisha ufunguo. Atakutolea meno kama yalivyotoka kiwandani. Za bahasha ziache bahashani.

Na usimwage mafuta kwenye kitasa. Yanakamata vumbi, vumbi linakuwa uji, visahani vinakwama. Tumia unga wa grafaiti, kidogo tu.

#7 Gerezani_Spea
Kwa hiyo anachohitaji ni NAMBA. Namba haiuzwi dola 1,200. Amwombe mzee apige picha, mchezo umekwisha.

#8 KitasaKigumu
Hahaha, Gerezani anataka kula nyama na kumrudishia mwenye mbuzi ngozi.

#9 Hesabu_Kali
Ngoja niongeze tarakimu, kwa sababu watu wanadhani zamani kila gari lilikuwa na ufunguo wake peke yake duniani.

Vina vinne, nafasi sita: 4 mara yenyewe mara sita ni 4,096. Lakini mfululizo wa namba za GM uliotumika kuanzia 1935 hadi 1966 ulikuwa 8000 hadi 9499, yaani namba 1,500. Mwaka 1955 peke yake Chevrolet ilitengeneza magari zaidi ya milioni 1.7. Gawanya kwa 1,500. Kila namba inaangukia magari zaidi ya elfu moja, kwa mwaka mmoja, na hapo sijagusa ndugu zake wa GM: Pontiac, Oldsmobile, Buick wala Cadillac.

Kwa Ford Model T ndiyo usiseme. Swichi zake za miaka ya mwisho zilitumia funguo zenye namba 51 hadi 74. Ishirini na nne tu! Mwenye seti nzima mfukoni angeweza kuwasha karibu kila Model T aliyoikuta barabarani.

#10 Pwani_Motors
Hesabu_Kali, kwa hiyo baba mkubwa hakutudanganya aliposimulia kwamba alifungua gari la mtu kwa ufunguo wake, akakaa ndani, ndipo akaona viti vina rangi tofauti.

#11 Hesabu_Kali
Kwa vitasa vilivyolika inawezekana kabisa. Ufunguo na kitasa vyote vikilegea, hata namba jirani zinaweza kuvumiliana.

#12 Mama_BelAir
Habari zenu. Nipo Minneapolis, nina Chevrolet Bel Air ya 1957 aliyoniachia marehemu mume wangu, na naiendesha mwenyewe kila kiangazi.

Mnaongea funguo kana kwamba gari hizi zilihitaji funguo kila wakati! Swichi ya Bel Air yangu ina masikio mawili pembeni ya tundu la ufunguo. Kuna nafasi ya kuzima na kuna nafasi ya kufunga, na ni vitu viwili tofauti. Ukiishia kwenye kuzima ukachomoa ufunguo, mtu yeyote anashika yale masikio kwa vidole viwili, anazungusha, gari inawaka. Hakuna ufunguo hapo. Ukitaka ifungwe kweli, lazima uzungushe hadi nafasi ya kufunga ndipo uchomoe.

Mume wangu alikuwa anaiacha hivyo nje ya nyumba ili kijana wa jirani aisogeze theluji ikianguka. Watu wengi enzi zile waliishi hivyo, ndiyo maana funguo nyingi zilibaki kwenye droo bila kulika, na nyingine zikapotea bila mtu kugundua. Kwa mtazamo wangu, hiyo ndiyo sababu funguo za kiwandani ni adimu: hazikuwa na kazi ya kutosha ya kuzifanya zikumbukwe.

#13 FundiFunguo_Tanga
Dada Mama_BelAir, ahsante, hilo la masikio ni kweli tupu. Na wizi wa namna hiyo ulichangia sheria kubadilika. Kanuni ya usalama ya shirikisho la Marekani namba 114, iliyoanza 1 Januari 1970, ilidai ufunguo ukichomolewa gari lisiweze kuwashwa, na ama usukani ujifunge au gari lisitembee. GM waliwahi: magari yao ya 1969 yalihamisha swichi kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye nguzo ya usukani.

Kwenye sababu ya uadimu, naona tofauti kidogo. Funguo hazipotei kwa kukosa kazi. Zinapotea gari linapobadilisha mikono: kila muuzaji anabaki na moja kwa bahati mbaya. Gari la miaka 60 lenye wamiliki sita litakuwa na funguo gani tena?

#14 Dereva_Kongwe
Wote mmesahau moto wa mada. Watu walibadilisha swichi nzima! Swichi ikichakaa, fundi anaweka mpya na funguo zake mpya, za zamani zinatupwa pipani. Ndiyo unakuta gari lina ufunguo wa swichi, mwingine wa mlango, mwingine wa buti.

#15 Kijana_wa_Ford
Wakuu wa GM mnajisahau. Ford mwaka wa modeli 1965 walileta ufunguo wenye meno pande zote mbili, unaingiza kokote unakoelekea, gizani hupapasi. GM waliendelea na upande mmoja miaka na miaka baada ya hapo. Na Chrysler ndio waliotupa mambo ya kuzungusha ufunguo kuwasha injini, 1949. Kabla ya hapo ufunguo unafungua umeme tu, kisha unabonyeza kitufe au unakanyaga pedali.

#16 KitasaKigumu
Kijana wa Ford hawezi kukaa kimya ukitaja Chevrolet. Tumekusikia.

#17 Pwani_Motors
Kuna swali la pembeni. Kichwa cha pembe nane na cha mviringo, tofauti yake nini? Ni urembo?

#18 FundiFunguo_Tanga
Kwa gari ya mzee huyo: pembe nane ni swichi na milango, mviringo ni buti na droo ya dashibodi. Unampa mtu wa maegesho ule wa pembe nane, wa buti unabaki nao. Wembamba na mifereji yake ni ileile, kwa hiyo mkono unatofautisha kwa umbo la kichwa tu.

Kuanzia 1967 ndipo GM walianza kubadilisha mifereji kwa herufi: A na B 1967, C na D 1968, E na H 1969, J na K 1970, halafu mzunguko ukarudi A na B 1971. Vina vikaongezwa kutoka vinne hadi vitano. Kwa hiyo mtu akikuuzia "funguo orijino" ya Impala 1964 na mfereji una herufi E, mwache aende zake.

Na angalia maandishi. Funguo nyingi za GM za enzi hizo upande mmoja zina maneno yenye maana ya "ufunguo wako wa kufikia thamani kubwa zaidi". Herufi za kiwandani zina kingo safi. Kwenye za kuigiza mara nyingi ni butu, kama zimeyeyuka.

#19 Msafiri_Ohio
Nimeangalia picha niliyopiga. Maandishi hayo yapo, kingo kali. Shukrani mkuu. Sasa tuje kwenye kava. Gerezani anasema kopi zinatosha. Na mbona mzee anajivunia sana kwamba ziko NNE?

#20 Dereva_Kongwe
Kwa sababu duniani ziko tatu! Nenda soko lolote la vipuri vya zamani Marekani, Carlisle au Hershey kule Pennsylvania, utakuta meza zimejaa seti za tatu, na moja moja za bei mbaya. Ya nne ndiyo inayouzwa ghali kuliko tatu za kwanza.

#21 Pwani_Motors
Na ya nne huwa inaenda wapi? Hili swali limenisumbua tangu utoto.

#22 Dereva_Kongwe
Mtaroni. Kava kubwa haifungwi kwa nati, inashikwa na meno ya chuma yaliyozunguka ukingo wake kwa ndani, yanabana kwenye ukingo wa ringi. Kila pancha mtu anachomeka bisibisi sehemu ileile, anabandua. Meno ya upande ule yanalala. Baada ya hapo unapiga shimo moja, kava inaruka, inakupita barabarani inakwenda porini. Wewe hujui mpaka ufike nyumbani.

#23 Mama_BelAir
Si mtaroni, mwanangu. Gereji! Fundi wa tairi anabandua kava, anaiweka chini pembeni, anamaliza, unalipa, unaondoka. Ile kava inabaki inakusanya nati za watu wengine. Mimi nimezikuta kwenye gereji za hapa zikitumika hivyo hasa.

#24 Rafiki_wa_Mopar
Zote hizo sawa, ila mmesahau tairi. Gari hizi ziliundwa kwa tairi za zamani za nyuzi za mshazari. Watu wakaja kufunga tairi za kisasa za radiali. Radiali inashika barabara kwenye kona, ringi ya chuma inapinda kidogo zaidi, inarudi, inapinda, inarudi. Ukisikiliza vizuri utasikia kava inalia tik tik. Hapo meno yanatembea taratibu mpaka yanaachia. Kuna wakati kava inazunguka polepole juu ya ringi mpaka inakata pua ya kujazia upepo.

#25 Hesabu_Kali
Radiali ingepoteza zote nne kwa usawa. Swali ni kwa nini MOJA.

#26 Ngong_Classic
Nairobi hapa. Nina jibu la Hesabu_Kali: ukingo wa barabara. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo magurudumu ya kulia ndiyo yanayosuguana na ukingo wa njia kila unapoegesha. Ya mbele kulia ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu ndiyo inayokata kona.

Ushahidi: Chevrolet ya familia yetu ni ya usukani wa kulia, ilikuja kutoka Afrika Kusini, GM walikuwa na kiwanda Port Elizabeth tangu 1926. Huku tunaendesha kushoto. Kava zetu mbili za kushoto zina mikwaruzo na mbonyeo, za kulia safi kabisa. Nilipoiandaa kwa Concours d'Elegance (mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri) pale Ngong Racecourse kazi yote ya kunyoosha ilikuwa upande wa kushoto.

#27 Dereva_Kongwe
Mikwaruzo siyo kupotea, Ngong. Hizo zako zimebonyea lakini ZIPO.

#28 Ngong_Classic
Kava iliyobonyea ndiyo inayoruka wiki inayofuata, mkuu. Yangu ziko kwa sababu mama alikataa gari lisiendeshwe usiku.

#29 Gerezani_Spea
Wizi jamani! Mbona hamtaji wizi? Miaka ya 50 na 60 wizi wa kava za ringi Marekani ulikuwa kazi ya vijana wa mitaani. Bisibisi moja, sekunde chache. Mwizi anaanza na upande wa giza wa gari, akisikia hatua anakimbia na moja.

#30 KitasaKigumu
Gerezani umeeleza kwa ufasaha mno. Tupe na saa za kazi.

#31 Gerezani_Spea
Nauza spea, nazijua hadithi zake. Tuheshimiane.

#32 Bint_Muscat
Masalkheri. Hilo la wizi ni kweli, na dawa yake ikawa ugonjwa mwingine. Baba alikuwa na Chevrolet Caprice Classic ya miaka ya 80, gari iliyopendwa sana Ghuba. Kava zake zilikuwa za spoku za waya, na zile huwezi kubandua kwa bisibisi: katikati kuna kifuniko kidogo, chini yake kuna bolti ya kufuli inayohitaji rungu lake maalumu (kifaa cha kuifungulia). Yaani kava nayo ina ufunguo wake.

Lile rungu lilikaa kwenye buti. Siku ya pancha njiani kuelekea Nizwa tukafungua buti, halipo. Kuna gereji lilikoachwa. Baba alibandua kava kwa nguvu, spoku zikapinda, na ringi ya nyuma kulia haikuvaa kava tena mpaka gari lilipouzwa. Kwa hiyo kwetu sisi ya nne ilipotea kwa sababu ya ufunguo.

Msafiri, muulize mzee kama ana vifaa vya buti. Watu wanasahau jeki, spana ya nati na karatasi ya maelekezo, na vyote ni vya kiwandani.

#33 Mama_BelAir
Bint_Muscat, pole. Ushauri huo ni mzuri sana.

#34 Kijana_wa_Lowrider
Los Angeles hapa. Mimi naona mnazunguka. Impala ya 1964 ndiyo gari kuu ya lowrider, yaani magari yanayoshushwa yakaribie ardhi. Watu waliinunua, siku ya kwanza wanatoa kava za kiwandani wanaweka ringi za waya, kava zinaenda uani. Maelfu ya seti zimefia uani kwa baridi na jua.

#35 Hesabu_Kali
Hiyo inaeleza kwa nini hazipo kabisa. Haielezi kwa nini ziko tatu.

#36 Kijana_wa_Lowrider
Ya nne mtoto aliitengenezea ngao ya kuchezea. Umeridhika?

#37 Rafiki_wa_Mopar
Nami niingize nyingine kwa wenye Dodge na Plymouth. Chrysler, watengenezaji wake, kwa miaka mingi, hadi karibu 1970, walitumia nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume. Asiyejua anakaza akidhani anafungua, bolti inakatika, gari linalala gereji mwezi, kava inatangatanga. Mkiona herufi L kwenye bolti, zungusheni kinyume.

#38 Pwani_Motors
Mada imekuwa tamu. Kuhusu haya mapanga ya katikati: yana kazi au ni urembo?

#39 Dereva_Kongwe
Kwenye Impala ni urembo mtupu. Yanaiga nati kubwa za magari ya mashindano, zile za mabawa unazogonga kwa nyundo gurudumu likaachia. Corvette, gari la kimichezo la Chevrolet, ya kuanzia 1963 ilikuwa na ringi za alumini za namna hiyo kwenye orodha ya nyongeza, nati moja katikati, unagonga kwa nyundo ya madini laini ya risasi usiiharibu.

Na kabla yake kuna Oldsmobile Fiesta ya 1953, zilitengenezwa 458 tu. Kava zake za mabawa matatu zilipendwa kuliko gari lenyewe, watu wakazifunga kwenye kila kitu na viwanda vya pembeni vikaziiga.

#40 FundiFunguo_Tanga
Na sheria ikayamaliza. Kanuni ya shirikisho namba 211, kuanzia 1 Januari 1968, ilipiga marufuku nati na kava zenye mabawa yanayotokeza, kwa hofu ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Corvette ya 1967 tayari ilikuwa imehamia ringi za bolti zenye kofia isiyo na mabawa. Kanuni ilifutwa 1996, lakini wakati huo mtindo ulishapita. Kwa hiyo kava ya Chevrolet yenye panga la kiwandani ni ya kipindi kifupi, hilo nalo lina bei yake.

#41 Msafiri_Ohio
Sasa nitajuaje hizo nne ni za kiwandani na siyo kopi zilizozeeka kwenye blanketi?

#42 Dereva_Kongwe
Zigeuze. Uso unadanganya, mgongo hausemi uongo. Ya kiwandani iliyotembea ina vumbi la breki lililochomeka ndani ya mikunjo, kahawia iliyoiva, hutoi kwa kitambaa. Meno yake utakuta machache yamekunjwa na kunyooshwa tena. Angalia tundu la pua ya upepo: ukingo wake umesuguliwa ukalainika. Halafu kifua cha katikati, pale penye nembo: rangi ya zamani inapauka kutoka pembezoni kuingia ndani, na ina nyufa ndogo kama za chungu cha zamani. Kopi inapauka yote sawasawa.

Kisha gonga kwa kucha. Za kopi nyingi ni bati jembamba, zinalia juu. Usizipeleke kwa mtu wa kuweka kromu. Uso wa kava hizi ni stenlesi, inanyooshwa kwa nyundo ya mbao kutoka nyuma na kung'arishwa. Kuna jamaa aliniharibia mbili kwa kuzitia kemikali, zikatoka zimefifia kama sahani za kambi.

#43 Gerezani_Spea
Sawa, mmeongea vizuri nyote. Bado sijaona aliyeuliza jambo la msingi. Hizo kava ni za ringi za chuma za inchi 14. Msafiri amesema gari imevaa ringi za kisasa. RINGI ZA CHUMA ZIKO WAPI? Bila hizo, analipa dola 1,200 kwa mapambo ya ukutani. Na kuzipata zilizonyooka ni kazi, ukingo ukipinda kidogo meno hayabani.

#44 KitasaKigumu
Gerezani leo umetoa hoja ya kilo.

#45 Bint_Muscat
Na jeki msisahau.

#46 Msafiri_Ohio
Ngoja nimpigie.

#47 Msafiri_Ohio
Nimeongea naye. Ringi za chuma tatu ziko juu ya dari la gereji yake, ya nne ndiyo iliyobeba tairi la spea ndani ya buti. Jeki ipo, karatasi ya maelekezo imebandikwa chini ya mfuniko wa buti. Anasema nikichukua vyote na ringi, dola 1,200 ileile.

#48 FundiFunguo_Tanga
Kabla ya kulipa ingiza funguo za bahasha kwenye kila kitasa: swichi, milango miwili, buti, droo. Polepole, bila kulazimisha. Zikizunguka zote, maana yake vitasa vyote vitano havijawahi kubadilishwa, na hapo Dereva_Kongwe atanyamaza kuhusu swichi zake za pipani.

#49 Dereva_Kongwe
Sinyamazi mpaka nione video.

#50 Gerezani_Spea
Ringi nne ukizivalisha zote, buti linabaki bila spea. Mwambie atafute ya tano au apunguze 200. Na breki, Msafiri. Breki.